Kozi inasema "saa 6 kwa juma": kwa mwalimu wa Kivu, juma hilo lina saa ngapi?

Mwalimu wa Goma au Bukavu anayetaka kuongeza elimu yake leo ana njia moja isiyomlazimisha kupita kizuizi cha barabarani wala kulipa tiketi ya boti: kozi ya mtandaoni. Anajiandikisha kwa simu na anasomea nyumbani. Akiwa mtu wa elimu, moja ya kozi za kwanza anazokutana nazo ni ile ya nadharia za ujifunzaji, yaani somo linaloeleza jinsi mtu anavyojifunza, anavyokumbuka na anavyosahau.

Ukurasa wa kwanza wa kozi ya namna hiyo huwa na ahadi fupi: majuma 6, saa 5 au 6 kwa juma. Mwalimu anapiga hesabu haraka. Saa 6 kwa juma hazifiki hata saa moja kwa siku. Nani atashindwa? Juma la kwanza linapita vizuri. Juma la pili umeme unakatika siku tatu. Juma la tatu kuna kazi mbili za kutuma, moja ya juma lililopita na moja ya juma hili. Juma la nne hafungui tena ile kozi, na moyoni anajiambia kwamba masomo hayakuwa sehemu yake.

Hapo ndipo anapojihukumu vibaya. Mara nyingi kilichomwangusha ni juma lililopangwa kwa ajili ya mtu anayeishi mahali pengine, mwenye umeme wa siku nzima na mtandao usiokatika. Na sehemu kubwa ya dawa imo ndani ya kozi yenyewe: nadharia anazosoma zinaeleza vizuri jinsi juma la masomo linavyopaswa kugawanywa.

Wengi wanaanza, wachache wanamaliza

Tuanze na hali ilivyo duniani. Mwaka 2019 watafiti Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walichapisha katika jarida la Science uchunguzi juu ya kozi za bure za mtandaoni za Harvard na MIT, vyuo viwili vikubwa vya Marekani. Katika mwaka wa masomo 2017-2018, kati ya watu 100 waliojiandikisha, walioimaliza kozi walikuwa karibu 3 tu.

Takwimu hiyo inahitaji kusomwa kwa uangalifu. Wengi hujiandikisha ili kuchungulia tu, kama mtu anayepita sokoni bila kikapu. Waliolipa pesa ili wapate cheti walimaliza kwa wingi zaidi, karibu 46 kwa kila 100. Lakini hata hao, zaidi ya nusu walianguka njiani, na wengi wao walikuwa na umeme ukutani.

Je, kupanga kunasaidia? Mwaka 2020 kundi jingine la watafiti lilitoa jibu ambalo halikuwapendeza wote. Walifanya majaribio kwa wanafunzi zaidi ya 250,000 katika kozi karibu 250 za mtandaoni. Mwanzoni mwa kozi, baadhi ya wanafunzi waliombwa kuandika mpango wao: watasoma siku gani, mahali gani, saa ngapi. Matokeo yalionyesha kwamba waliopanga walijitahidi zaidi katika majuma ya kwanza. Kisha nguvu hiyo ikaisha. Mwisho wa kozi, idadi ya waliomaliza haikuwa imeongezeka.

Funzo liko wazi. Mpango unaoandikwa mara moja, siku ya kujiandikisha, haufiki mbali. Unakutana na ugonjwa wa mtoto, na kilio cha jirani, na kazi ya ziada shuleni, na unavunjika. Mpango unaodumu ni ule unaotengenezwa upya kila juma. Wazee wetu wa Kivu waliita juma "posho" kwa sababu chakula cha mfanyakazi kiligawiwa juma kwa juma. Saa za kusoma nazo zinagawiwa hivyo hivyo.

Krediti moja ni saa ngapi?

Swali la mzigo wa juma haliwahusu wale wa kozi za bure peke yao. Linagusa kila mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Kongo tangu mfumo wa LMD, yaani Licence, Master na Doctorat, ulipoanza kuenezwa katika vyuo vyetu mwaka wa masomo 2021-2022. Katika mfumo huo somo linapimwa kwa krediti, na krediti inahesabu saa za kukaa mbele ya profesa pamoja na saa za kazi ya mwanafunzi mwenyewe: kusoma, kuandika, kufanya mazoezi.

Ulaya, ambako mfumo huu ulitokea, mwaka mmoja wa masomo una krediti 60, na krediti moja ni kati ya saa 25 na 30 za kazi. Tuchukue kiwango cha chini, saa 25. Kozi ya nadharia za ujifunzaji yenye krediti 3 inakuwa na saa 75 za kazi. Sasa tuzigawe:

Kozi ikifanyika kwa majuma 15, ni saa 5 kwa juma.
Ikifanyika kwa majuma 10, ni saa 7 na nusu kwa juma.
Ikibanwa katika majuma 6, ni saa 12 na nusu kwa juma.

Kozi ni ile ile, cheti ni kile kile, lakini mzigo wa juma umezidi mara mbili. Katika miji yetu, kozi kubanwa si jambo geni. Mwaka wa masomo unakatizwa na mgomo au mapigano, halafu chuo kinataka kufidia, na somo la miezi mitatu linamalizwa kwa mwezi mmoja na nusu. Profesa anaona amemaliza somo. Mwanafunzi ndiye anayebeba saa 12 na nusu, na hiyo ni kozi moja tu kati ya kozi zake zote.

Kwa hiyo kabla ya kujiandikisha popote, swali la kwanza ni: kazi yote ina saa ngapi, na imegawanywa kwa majuma mangapi? Kozi isiyoweza kujibu swali hilo bado haijapangwa.

Saa ambazo hazimo katika hesabu

Saa 6 zinazoandikwa katika ukurasa wa kozi ni saa za kazi tupu. Huhesabiwi muda wa kuifikia kazi hiyo. Kwa mwanafunzi wa Kivu, njia ya kuifikia ndiyo ndefu.

Kwanza kuna umeme. Bukavu ipo karibu kabisa na mitambo ya Ruzizi, na Goma inapata umeme wa maji kutoka Virunga, lakini mitaa mingi ya miji hiyo miwili inajua maana ya delestaji kuliko maana ya umeme wa kudumu. Anayesomea kwenye simu lazima ahesabu muda wa kuipeleka kuchajiwa, kungoja na kuirudisha.

Pili kuna mega. Saa moja ya video inaweza kula mamia ya mega, wakati maneno yale yale yakiandikwa hayazidi mega moja au mbili. Kozi inayofundisha kwa video tupu inamtoza mwanafunzi wa Kivu karo ya pili, ambayo haikuandikwa popote.

Tatu kuna lugha. Mtu anayeongea Kiswahili nyumbani, au Mashi, au Kinande, akisoma sura kuhusu Piaget kwa Kifaransa hatakwenda mwendo wa mwanafunzi wa Lyon. Sura hiyo ikiwa kwa Kiingereza, mwendo unapungua tena. Waliopanga kozi hawakuongeza dakika hata moja kwa ajili hiyo.

Nne kuna saa ya mwisho ya kutuma kazi. Kozi nyingi za kimataifa hufunga mlango Jumapili 23:59 kwa saa ya Greenwich. Goma na Bukavu ziko mbele kwa saa mbili, kwa hiyo mlango unafungwa Jumatatu 01:59 usiku. Unaweza kudhani umeongezewa saa mbili, lakini ni saa mbili za usiku wa manane, simu ikiwa haina chaji, na katika mitaa ambayo hakuna mtu anayetoka nje usiku kutafuta mtandao.

Tano, kuna hali ya nchi. Tangu waasi wa M23 walipoiteka Goma mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari mwaka huo huo, benki zilifunga milango na mambo mengi ya malipo yakavurugika. Mtu hawezi kupanga kulipia cheti mwisho wa mwezi kama hajui mshahara utapita njia gani.

Na mwisho kuna kazi za nyumbani, ambazo hazigawanyiki sawasawa. Mama mwalimu anayerudi shuleni na kukuta bidoni za maji ni tupu hana jioni ile ile aliyo nayo mume wake. Tunapomwambia "tafuta saa moja kila siku", tunazungumza kana kwamba saa hiyo imewekwa mahali inamngoja. Kwa familia nyingi, saa hiyo haipatikani mpaka mtu mwingine wa nyumbani akubali kubeba bidoni. Mpango wa masomo wa mama, au wa baba mwenye watoto, ni jambo la kuzungumzwa mezani na nyumba nzima kabla ya kujiandikisha.

Somo lenyewe linasema nini

Hapa ndipo kozi ya nadharia za ujifunzaji inapotofautiana na kozi ya uhasibu au ya sheria. Kila sura yake inaweza kutumika siku ile ile inaposomwa.

Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Aliona kwamba sehemu kubwa ya alichojifunza ilipotea ndani ya siku ya kwanza, na kwamba kurudia mambo kwa siku tofauti kulimfaa kuliko kurudia yote kwa siku moja. Tafiti nyingi za baadaye zilimthibitisha. Kwa mpangaji wa juma, maana yake ni kwamba saa 6 za Jumamosi moja hazina thamani sawa na saa 6 zilizogawanywa kwa siku 5. Anayesoma saa moja saa moja anabaki na mengi zaidi kichwani kwa muda ule ule.

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Marekani, waliwapa wanafunzi maandishi ya kusoma. Baadhi waliyasoma mara mbili. Wengine waliyasoma mara moja, kisha wakafunika karatasi na kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika 5, waliosoma mara mbili walikuwa mbele. Baada ya juma moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, na waliorudia kusoma asilimia 42. Kwa Mkongo hii ni habari njema kuliko anavyodhani, kwa sababu kujipima kunahitaji karatasi na kalamu tu. Delestaji haiwezi kukuzuia kukumbuka.

John Sweller, wa Australia, alieleza tangu miaka ya 1980 kwamba akili ina nafasi ndogo ya kushughulikia mambo mapya kwa wakati mmoja. Ukiijaza kupita kiasi, kujifunza kunasimama. Ndiyo sababu juma lenye sura tatu mpya, video tano na kazi mbili huacha kichwa kikiwa kitupu, hata kama saa zilitosha.

B. F. Skinner naye alisisitiza hatua ndogo ndogo na jibu la haraka kwa mwanafunzi. Fred Keller, rafiki yake, alieleza mwaka 1968 mfumo ambamo kila mwanafunzi anakwenda kwa mwendo wake mwenyewe. Mfumo ulisifiwa, lakini tatizo moja likaonekana mapema: wanafunzi waliachiwa mwendo wao, na wengi wakaahirisha mpaka mwisho. Miaka zaidi ya 50 baadaye, kozi za mtandaoni zimerithi tatizo hilo hilo.

Lev Vygotsky, Mrusi aliyefariki mwaka 1934 akiwa na miaka 37 tu, alisema kwamba kuna mambo ambayo mtu hawezi kuyafanya peke yake, lakini anayaweza akiwa na mwenzake anayejua zaidi. Anayejifungia peke yake na simu anajinyima msaada huo.

Mfano wa juma moja

Tuchukue mfano. Mwalimu wa sekondari mjini Bukavu anafuata kozi ya krediti 3 kwa majuma 10, yaani saa 7 na nusu kwa juma. Juma hili ni la Vygotsky. Kuna sura ya kurasa 20 kwa Kifaransa, video mbili za dakika 20, jaribio fupi, maandishi ya maneno 500, na kuwajibu wenzake wawili kwa maandishi.

Kabla ya kupanga, alijipima: alisoma kurasa 10 kwa umakini, akaandika maelezo, akatazama saa. Zilichukua saa nzima. Sasa anajua kwamba kurasa 20 ni saa 2, na hahitaji kukisia tena. Video pamoja na kusimamisha na kurudia ni saa 1. Maandishi ni saa 2. Jaribio ni nusu saa. Kuwajibu wenzake ni saa 1. Kurudia mambo ya majuma yaliyopita ni saa 1. Jumla ni saa 7 na nusu.

Kisha anajiuliza swali ambalo wapangaji wa Ulaya hawaulizi: kati ya kazi hizi, zipi zinahitaji mtandao? Sura inashushwa mara moja na kusomwa bila mtandao. Video pia, kama kozi inaruhusu kuzishusha. Maandishi yanaandikwa kwenye daftari au kwenye simu. Marudio ni ya karatasi. Kinachobaki ni jaribio na majibu kwa wenzake, saa 1 na nusu tu. Saa 6 kati ya 7 na nusu hazihitaji mtandao hata kidogo. Wengi hupoteza saa hizo wakisubiri mtandao urudi ili "waanze kusoma".

Juma lake linaweza kuwa hivi. Jumapili jioni, au wakati wowote mega zinapopatikana kwa bei nafuu, anashusha kila kitu cha juma. Hiyo ni nusu saa ya ziada, na anaihesabu. Jumatatu anasoma nusu ya sura kwa saa moja, anaifunika na kuandika anachokumbuka. Jumanne anamaliza nusu ya pili kwa njia ile ile. Jumatano anatazama video, kisha nusu saa anarudia mambo ya juma lililopita. Alhamisi anaandika saa moja. Ijumaa anamaliza kuandika, anarudia mambo ya zamani nusu saa, kisha akiwa na mtandao anafanya jaribio na kutuma kazi. Jumamosi, baada ya salongo, anawajibu wenzake.

Jumapili mchana hakuna kazi iliyopangwa. Siku hiyo haikubaki tupu kwa bahati. Ni akiba.

Kwa nini lazima kuwe na akiba

Mwaka 1994 watafiti Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross, nchini Kanada, waliwauliza wanafunzi waliokuwa wakiandika kazi yao ya mwisho wa masomo watamaliza baada ya siku ngapi. Kwa wastani walisema siku 33.9. Waliombwa tena wakisie kama kila kitu kitakwenda vibaya, wakasema siku 48.6. Ukweli ulikuwa siku 55.5. Hata walipojaribu kufikiria mabaya yote, walikisia chini.

Wanafunzi hao hawakuwa na delestaji wala milio ya risasi. Sisi tunaoishi nayo tuna sababu zaidi ya kuwa waangalifu. Kanuni rahisi ni kuzidisha makisio yako kwa moja na nusu. Ukidhani kazi ni saa 6, tafuta nafasi ya saa 9. Ukikosa nafasi hiyo, punguza kozi, usipunguze usingizi.

Jambo la pili linatokana na kazi ya mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer. Alionyesha kwamba mtu anayesema "nitasoma juma hili" hufanya kidogo, na anayesema "jambo fulani likitokea, nitafanya hivi" hufanya zaidi. Kwa mazingira yetu, uamuzi wa namna hiyo unaandikwa mapema: umeme ukikatika, nitafungua daftari la marudio. Mtandao ukipotea Ijumaa, nitatuma Jumamosi asubuhi kabla ya mambo mengine. Mtoto akiugua, nitaacha video na kushika sura peke yake. Anayengoja kuamua wakati giza limekwisha kuingia kwa kawaida huamua kulala.

Na ikitokea juma zima limepotea, kwa sababu ya vita au ya msiba, usijaribu kubeba majuma mawili ndani ya moja. Sweller amekwisha eleza kinachotokea. Fanya kwanza kazi yenye alama nyingi, mwandikie mwenye kozi, omba muda, na uliache juma lililopotea likufuate polepole kupitia marudio.

Je, mzigo wote ni wa mwanafunzi?

Wapo watakaosema kwamba mambo haya yote ni visingizio, kwamba mwenye nia husoma hata kwa mwanga wa koroboi. Ni kweli kwamba wapo waliosoma hivyo, na tunawaheshimu. Lakini chuo kinachotegemea mashujaa kimejiandaa kuwapoteza wanafunzi wa kawaida, na wanafunzi wa kawaida ndio watakaofundisha watoto wetu.

Kuna mambo ambayo mwanafunzi hawezi kuyapanga peke yake. Chuo au shirika linalotoa kozi kwa watu wa Kivu linaweza kufanya mambo manne bila gharama kubwa. Liandike saa za kila kazi, likitenganisha zinazohitaji mtandao na zisizohitaji. Liweke maandishi ya kila video, ili asiye na mega asome. Lifungue kazi za juma siku kadhaa kabla, ili anayepata mtandao leo asingoje Jumatatu. Na mwisho wa kutuma uwe dirisha la siku mbili au tatu, mlango usifungwe kwa dakika moja ya usiku wa manane. Kozi inayofundisha Sweller na Ebbinghaus halafu inarundika kazi zote Jumapili usiku inajipinga yenyewe.

Jambo la tano linagharimu zaidi, nalo ni mahali pa kukutania. Mfano upo kwa ndugu zetu waliokimbia. Katika kambi ya Dzaleka nchini Malawi, ambako Wakongo ni wengi, mpango wa Wajesuiti ambao leo unaitwa Jesuit Worldwide Learning ulianza mwaka 2010 kutoa masomo ya juu kwa njia ya mtandao. Kozi zilitoka mbali, lakini wanafunzi hawakuachwa kila mmoja na simu yake hemani. Walikuwa na kituo chenye kompyuta, na wenzao wa kusoma nao. Vygotsky angeelewa mara moja kwa nini jambo hilo lina uzito.

Hapa kwetu, parokia, shule na maktaba zenye pano za jua zipo katika mitaa mingi. Walimu watano wanaofuata kozi moja wanaweza kukutana hapo mara moja kwa juma, kushusha video mara moja na kugawana kwa simu, mmoja akieleza sura ambayo mwenzake hakuielewa. Gharama ya mega inagawanywa kwa tano. Na siku mmoja anapotaka kuacha, kuna wanne watakaomuuliza yuko wapi.

Kwa mwalimu anayejiandikisha juma hili, kazi ya kwanza haichukui saa moja. Achukue karatasi, aandike saa zote za kozi na idadi ya majuma. Asome kurasa 10 akitazama saa. Atenganishe kazi za mtandao na zisizo za mtandao. Azungumze na watu wa nyumbani kuhusu saa ipi ni yake. Aache siku moja tupu. Kisha Jumapili inayofuata, aiandike karatasi hiyo upya, kwa sababu juma linalokuja halitafanana na hili.